Cheti Bila Ufunguo

Katika zahanati yetu ya Woodley sijafanya kazi na mtu makini kama Musili. Mimi natunza faili za wagonjwa, yeye anatunza kompyuta. Hospitali kubwa ya mjini ilipoanza kugawa nafasi za matibabu ya mionzi kwa mtandao, ni yeye aliyeandika programu ya upande wetu. Seva yao haipokei jina la mgonjwa mpaka zahanati ionyeshe cheti chake, kisha ithibitishe kwa ufunguo wa siri kwamba cheti hicho si cha kuokota. Musili aliupenda utaratibu huo. Zamani nafasi zilikwenda kwa waliojuana.

"Mashine haina shemeji," alikuwa akisema.

Nafasi hugawiwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tatu hadi saa sita mchana. Mwezi huu tulikuwa na jina moja tu: Wangeci, msusi wa Kenyatta Market, mwenye uvimbe kooni. Alikuja mapema, akaketi kwenye benchi nje ya dirisha letu.

Saa tatu Musili akatuma. Seva ikakataa. Akatuma tena. Nikamwona akifungua folda moja baada ya nyingine, kisha mikono yake ikatulia.

"Nilihamisha cheti kwa hii kompyuta mpya," akasema. "Ufunguo ulibaki kwa ile ya zamani."

"Si tuifuate? Iko wapi?"

"Kanisani, Kabiria. Niliitoa kwa harambee. Na niliifuta yote, Mwelu. Mara tatu. Singeacha majina ya wagonjwa huko."

Wangeci akachungulia dirishani. "Wee Musili, hiyo mashine yako imelala? Imwagie maji!"

Hakuna aliyecheka. Musili akampigia Kihara, msimamizi wa seva huko mjini, ambaye walisoma pamoja chuoni.

"Sauti yako naijua hata usingizini, ndugu yangu," Kihara alisema. "Lakini seva haina masikio. Cheti kipya ni siku nne, na lazima bosi aweke sahihi."

"Ingiza jina kwa mkono basi."

"Si ni wewe uliandika barua tunyang'anywe hiyo ruhusa?"

Saa sita ilimkuta Musili bado anapekua, ingawa sote wawili tulijua hakuna kitu. Nilitaka kwenda kumwambia Wangeci mimi. Musili akakataa. Alitoka, akachuchumaa mbele ya benchi, akamweleza yote, na kosa akasema ni lake.

"Kwa hivyo jina langu halikufika," Wangeci alisema.

"Halikufika, mama. Mwezi ujao litafika."

"Daktari alisema nisingoje mwezi."

Wangeci akaomba maji. Nikamletea, akanywa kidogo kidogo, akipumzika kila funda, nasi tumesimama tukitazama jinsi anavyomeza kwa taabu.