Kutia Adabu kwa Kiswahili Changu

Katibu wa kanisa letu hapa Riruta aliponiomba niwe mkalimani wa wageni, nilikubali kabla hajamaliza kuomba. Nimefundisha Kiswahili na Kiingereza miaka thelathini, nimestaafu, na sioni haya kusema kwamba napenda kusikilizwa. Wageni walikuwa wawili, wote wa kujitolea: mama mfupi kutoka Brazili, daktari wa watoto aliyestaafu kama mimi, na mwalimu wa biolojia kutoka Korea, mrefu, asiyefungua mdomo. Walikuwa wakizunguka nchi kwa nchi kueleza sayansi inasema nini kuhusu vurugu: kwamba amani inaanzia mwilini, na kwamba mwili wenye hofu hausikii. Walishazungumza mjini, wakazungumza mtaa wa Karen, sasa ilikuwa zamu yetu.

Sikuwa na haja na amani yao. Kusema kweli, nilikuwa na vita vyangu. Krismasi iliyopita mjukuu wangu wa miaka minne alimwaga chai kwenye kochi langu, nami nikamzaba kofi mkononi. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, anayefanya kazi Westlands, alimbeba mtoto wake na kuchukua mkoba. "Mum, siku utaniambia hutamgusa tena, ndio nitamleta." Nikamjibu, "Wewe nilikutia adabu, na ona umekuwa mtu." Akaenda zake. Ulikuwa sasa mwezi wa nane, sijamwona mtoto huyo hata kwa simu, na kiburi changu kilikuwa kimenikalia kichwani.

Ukumbi ulijaa. Walikuwepo mafundi, wenye ploti, na akina mama wa mboga waliofunga vibanda mapema. Daktari alizungumza Kiingereza cha polepole, nami nikamfuata kwa Kiswahili. Mambo yalikwenda vizuri hadi aliposema kwamba kila mtoto anahitaji "discipline" kila siku, kwa utulivu, bila kuchoka. Sikufikiri mara mbili. "Kila mtoto," nikatangaza, "anahitaji kutiwa adabu kila siku, kwa utulivu, bila kuchoka."

Makofi yalilipuka. Mzee mmoja mwenye nyumba za kupangisha akasimama kabisa. "Amina! Huyu mzungu ameongea! Watoto wa siku hizi wameharibika juu ya kukosa kiboko!" Mama mmoja wa nyuma akainua mkono. "Mwalimu, hebu muulize, mwiko ni sawa ama lazima ikuwe fimbo?"

Daktari alikuwa anatabasamu, akidhani ujumbe umeingia. Nikamtafsiria swali la mwiko. Tabasamu likaisha, akaniuliza kwa sauti ya chini niliwaambia nini. Nikamweleza kwamba kwetu mtu akisema amemtia adabu mtoto, hakuna anayeuliza kwa nini mtoto analia. Hata tukilitumia neno lake la Kiingereza, tunamaanisha kiboko. "Basi nipe neno lingine," akasema. "La kumfunza mtoto asirudie kosa, ila bila kumpiga."

Nikafungua mdomo. Nidhamu? Hilo ni la ofisi ya mwalimu mkuu, na mimi najua kilichotundikwa nyuma ya mlango ule. Kumrudi? Hilo kwenye Biblia linakuja na fimbo yake. Kumnyoosha? Hilo ndilo baya zaidi. Kulea? Kulea ni pamoja na kulisha na kuvisha, naye aliuliza kitu kimoja tu. Miaka thelathini ya Kiswahili, na nilisimama mbele ya majirani zangu mikono mitupu. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona darasani.

Hakunikemea. Alichukua vidole vyangu viwili akaviweka juu ya kifundo cha mkono wangu mwingine, pale mshipa unapopiga. "Tuyaache maneno," akasema. "Waambie wafanye hivi."

Wakafanya. Sijawahi kuona ukumbi wetu umetulia vile, hata wakati wa maombi. Watu wazima wenye ndevu na mvi walikuwa wameshika mikono yao wenyewe, wakijisikiliza. Kisha daktari akasema, nami nikatafsiri: "Mwanangu, nenda jikoni, uniletee kikombe cha bluu, kijiko kidogo, na kitambaa kilicho dirishani." Nilipomaliza tu, yule Mkorea mkimya aliinua kiganja na kupiga meza kofi moja, paa!

Mtu alipiga mayowe. Mshipa wangu uliruka chini ya vidole, ukaenda mbio, ukakataa kurudi. "Niliwatuma nini?" daktari akauliza. Mmoja akasema sahani. Mzee wa Amina alikuwa bado ameshika mkono wake, macho yamemtoka. Na mimi, niliyeyatamka maneno yale kwa mdomo wangu, nilikumbuka kikombe tu.

Kofi halikumgusa mtu yeyote, lakini lilikuwa limefuta kila kitu. Nilimfikiria binti yangu na mwiko wangu wa ugali, nikajaribu kukumbuka hata kosa moja kati ya yale niliyompigia. Sikukumbuka hata moja.

Nilimpigia simu nikiwa nje ya lango la kanisa, kabla kiburi hakijanirudia.

"Nilikuchapa," nikasema alipopokea. "Sikukutia adabu. Nilikuchapa, na nikamchapa mtoto wako. Sitamgusa tena."

Nilisikia watu wa ofisini kwake wakicheka nyuma.

"Mum, uko sawa? Nani amekuambia useme hivyo?"

"Mapigo yangu ya moyo," nikasema, naye akataka kujua nimeenda hospitali gani.

Walikuja Jumamosi. Nilikuwa nimetayarisha maneno matamu, lakini mtoto alisimama mlangoni ameshika sketi ya mama yake, na hakuniangalia usoni. Aliangalia mikono yangu, mmoja, kisha wa pili, kama mtu anavyomwangalia mbwa wa jirani. Miaka minne tu duniani, na alikuwa amekumbuka muda wote huo. Niliketi sakafuni, nikailaza mikono mapajani, viganja vikitazama juu. Binti yangu hakumsukuma. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe mtoto akaja hatua mbili, akainama kuichunguza.

"Shosho," akauliza, "hiyo mikono imelala?"

Nikamwambia ndiyo, imelala. Nilikuwa nalia, lakini sikuthubutu kuiinua nijifute.