Mpishi wa shule aliyedhani bima ya benki ni yake

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, theluji bado iko juu ya paa la shule huko Lorain, Ohio, na Wanda Hruska tayari amechemsha sufuria mbili za makaroni. Anamwaga nyama ya kusaga, anatandaza jibini, anafunga tanuri kwa goti.

"Leo watakula mpaka walambe trei," anasema. "Siku ya mbogamboga hata salamu hawanipi."

Wanda, miaka 57, amepika hapa muda mrefu, kwa dola kumi na tano kwa saa. Masika yaliyopita alinunua nyumba yake ya kwanza. Leo hana hakika kama itabaki yake.

Kisa kinaanza na mdogo wake, Marlene, aliyenunua nyumba mtaa wa pili mwezi huohuo. Ya Marlene ina baraza pana la mbele na bembea. Ya Wanda ina ngazi tatu za saruji.

"Nilikuwa napita kwake nikitazama upande mwingine," anakiri. "Kisha akajinunulia friji ya milango miwili. Hapo ndipo nilipoharibikiwa."

Siku ya kutia saini, karani wa kampuni ya bima alimweleza habari za bima ya umiliki, ile inayomlinda mnunuzi akijitokeza mtu mwenye haki ya zamani juu ya nyumba. Wanda aliona kwamba ameshalipia bima ya aina hiyo, akaikataa ya pili. Fedha iliyobaki akanunulia friji, ya milango miwili na mtambo wa barafu.

Aliyoilipia ilikuwa ya benki. Ingeulinda mkopo, si yeye.

"Nimelipa mwenyewe, kwa mkono wangu," anasema. "Nani angedhani nimemnunulia benki mwavuli halafu mimi nabaki kwenye mvua?"

Mwezi wa kumi wakili wa mwanamke asiyemjua akamwandikia. Dwight Stidham, aliyemuuzia nyumba, alikuwa ameapa kwamba hana mke. Kumbe alikuwa na mke, Opal; walioana Kentucky na kutengana bila talaka. Kwa sheria ya Ohio, mke asiposaini kuachia haki yake, mume akitangulia kufa yeye anaweza kudai theluthi ya nyumba kwa maisha yake yote. Dwight mwenyewe alikuwa ameondoka, hajulikani alipo.

Jioni hiyo Marlene alifika na sufuria ya supu ya kabichi.

"Bima yako inakulinda, siyo?" Wanda alimuuliza.

"Inanilinda, dada. Kula kwanza."

"Sema basi kwamba mimi mjinga."

"Supu inapoa."

Marlene ni mpokea wageni kwa daktari wa meno. Aliomba siku ya mapumziko, akampeleka dada yake kwenye msaada wa sheria, akakaa naye foleni nzima. Neno "nilikuambia" halijamtoka hadi leo.

"Ndiyo maana namwonea wivu zaidi," anasema Wanda. "Hata wema amenizidi."

Kisha, Jumapili moja, Wanda alitoka kutupa taka akaona gari la kijivu ng'ambo ya barabara. Ndani yake mama mwenye kofia ya sufu alikuwa anatazama dirisha la jikoni.

"Umepaka njano," mama yule alisema, akishusha kioo.

"Ilikuwa kahawia."

"Najua. Miaka kumi na tisa nilimwomba Dwight anipakie njano. Kila mwaka anajibu, mwakani."

Wanda akajua huyu ni nani. Lakini baridi ilikuwa kali na mama hakuwa na glavu. Akamwambia, "Ingia, mama. Utaganda humo."

Opal aliketi mezani akala makaroni. Ndipo aliposema: "Nilipita usiku mmoja nikakuona hapa, unacheka na simu. Kesho yake nikaenda kwa wakili. Si njaa iliyonipeleka. Ni wivu, basi."

"Wivu kwangu mimi?"

"Kwa nani tena?"

"Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunionea wivu," Wanda alimjibu. "Ongeza jibini."

Opal alicheka. Alipoondoka aliosha sahani yake mwenyewe, akaipanga kabatini bila kuuliza inakaa wapi.

Hakuahidi lolote siku ile. Juzi alipiga simu: Alhamisi atakuja kusaini kuachia haki yake, mradi Wanda alipe ada ya wakili. Mpaka wino ukauke, Wanda halali vizuri.

Akishasaini, Wanda atakwenda moja kwa moja kwa karani. Safari hii aliuliza kila kitu. Ameambiwa bima hailipi kasoro unayoijua siku unayoinunua, ndiyo sababu ni lazima saini ya Opal itangulie. Ameomba asomewe taratibu ukurasa wa mambo yasiyofidiwa. Kati ya bima ya kawaida na ile pana, inayomlinda hata mtu akighushi hati yake miaka ijayo, amechagua pana.

"Ya Marlene ni ya kawaida," anasema, akitoa trei tanurini. Anajizuia kutabasamu, anashindwa. "Nitamweleza aibadilishe, ni mdogo wangu. Lakini kwanza nitamwonyesha yangu; la kubadilisha nitamweleza Jumatatu. Wikiendi moja tu, niacheni na mimi nionewe wivu."