Kanga Mwenye Kitambaa Chekundu

Enzi zetu, nyama haikuwa kitu cha kufungulia friji na kukitazama huku umeshika kiuno. Nyama ilikuwa inakimbia, na wewe ulikuwa unaifuata. Nasema na ninyi wa rika langu mliokulia vijijini huku njia ya Nzega, maana wanangu nikiwaeleza mambo haya wananitazama kwa huruma, kama mtu aliyeponea chupuchupu. Kijana wangu mkubwa, ambaye akitoka mtaa wa Kanyenye kwenda Kitete, hapa hapa Tabora mjini, kwa miguu anataka apewe pole na maji ya baridi, aliniuliza juzi kwamba hao kanga tuliowala utotoni tulikuwa tunawaagiza wapi.

Hatukuwaagiza. Walikuja wenyewe. Karanga zikishang'olewa na mahindi yakishaingia ghalani, kanga wa porini walishuka mashambani kuokota masalia, makundi kwa makundi, wakilalamika kwa ile sauti yao ya mlango usiotiwa mafuta. Hapo ndipo msimu ulipoanza. Asubuhi za Julai zilikuwa na baridi ya kupasua midomo, majani yaliyochomwa yananuka moshi, na miguu yetu imepauka majivu hadi magotini. Mama alitufungia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye upindo wa gauni, kila mtoto fungu lake, na onyo lake lilikuwa lile lile kila mwaka: "Atakayekula yote kabla ya jua kuchomoza asinililie." Nilikula yote kabla ya jua kuchomoza. Nililia. Mwaka uliofuata nikarudia.

Jemadari wa msafara alikuwa Baba. Baba alikuwa fundi cherehani, na kwa kukata nguo hakuwa na mpinzani kijijini. Kwa kutupa rungu alikuwa na wapinzani wengi, wakiwemo kanga wenyewe. Lakini hilo halikumpunguzia neno. Alitukumbusha kila msimu kwamba babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu begani kutoka huku kwetu mpaka pwani na akarudi kwa miguu yake, kwa hiyo sisi uzao wake mbio tumezirithi. Alisema hayo huku akitafuta jiwe la kukalia, anahema. Nadhani babu yule alizitumia mbio zote akasahau kutubakizia.

Nyuma ya Baba alikuwepo mdogo wake, Baba mdogo Jumanne, ambaye alisilimu alipooa. Kwa hiyo katika ukoo wetu kisu kilikuwa chake. Ndege akikamatwa ilibidi Baba mdogo amfikie angali hai amchinje, ili nyama iliwe na kila mtu, wa msikitini na wa kanisani. Ungemwona mtu mzima mwenye kitambi anavyoruka visiki, kisu juu, anapiga kelele, "Asife! Asife! Nakuja!" Huruma yote ile kwa kiumbe anayekwenda kumkata shingo.

Na mbele yetu sote alikuwepo Mtasema.

Vijana wa leo mbwa wao wanaitwa majina ya watu wa kwenye televisheni na wanaogeshwa kwa shampuu. Kwetu jina la mbwa lilikuwa barua kwa majirani. Baba aliponunua cherehani ya pili, watu wakanong'ona kwamba amepata wapi. Mwezi ule ule akaleta mtoto wa mbwa, akamwita Mtasema. Tangu hapo Mama kila alipomwita mbwa kula, kijiji kizima kilipata ujumbe wake. Mtasema alikuwa mwekundu kama udongo wa barabarani, sikio moja limechanika, na alikuwa na kipaji ambacho sijakiona tena: alikamata ndege bila kumuumiza. Alimshika mdomoni akamleta mzima, anapapatika, amekasirika tu.

Kabla yake tulikuwa na mbwa mwingine, Hamniwezi. Huyo alikula kuku wa jirani. Sheria ya kijiji juu ya jambo hilo ilikuwa fupi: mbwa akishaonja kuku wa mtu haachi, basi mwenye mbwa anammaliza mwenyewe. Baba alitoa kamba kwenye msumari ukutani, akaondoka na Hamniwezi kuelekea porini, akarudi na kamba. Nilikuwa na miaka sita. Niliomboleza siku tatu, na kamba ikarudi pale pale kwenye msumari, juu ya kitanda changu. Nililala chini yake miaka mitatu.

Sasa ikatokea Shangazi Mwashi, dada yake Baba, akapata mchumba wa Tabora mjini, na wazee wa mchumba wakatuma habari kwamba wanakuja kuposa. Watu wa mjini, mnawajua. Wakasema wasisumbuliwe na kuku, kuku wanakula kila siku. Kama ipo nyama ya porini, hiyo ingewafurahisha. Baba badala ya kujibu kwamba tutaona, akajibu mbele ya mashahidi: "Watakula kanga. Nikiwakosa kanga, nitavaa gauni nililolishona mwenyewe."

Siku ile tulitoka alfajiri, na Baba alikuwa amenyoa ndevu, sijui alitaka kanga wamwoneje. Sisi watoto tulipanga mstari tukapiga madebe. Kundi likainuka kutoka shamba la karanga, likatua, likakimbia. Baba akatupa rungu. Rungu likapita juu ya kundi zima kwa heshima zote, likaangukia kichuguuni. Kanga wakatawanyika kila upande, Mtasema akaingia kichakani, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshamaliza matobolwa na sikuwa na mzigo, nikawa wa kwanza kumfuata.

Nikamkuta ametoka na kanga mdomoni, mkubwa, mzima. Mguuni kwa yule kanga kulikuwa na kitambaa chekundu kimefungwa mafundo mawili.

Hapa nieleze kwa wale waliozaliwa juu ya lami. Jirani yetu, Bibi Kalunde, mjane aliyeishi peke yake, aliokota mayai ya kanga porini akamwekea kuku wake ayalalie, yakaanguliwa. Alikuwa nao watatu. Mchana walikwenda kula na ndugu zao wa porini, jioni wakarudi nyumbani kulala. Na ili wawindaji wasije wakakosea, aliwafunga kila mmoja kitambaa chekundu mguuni, akatangaza kijiji kizima. Watu wote walijua. Mtasema hakuwepo kwenye tangazo.

Sikufikiri sana. Niliiona kamba. Niliiona imening'inia kwenye msumari kana kwamba msumari ule umepigiliwa kwenye mti pale mbele yangu. Nikafungua mafundo kwa meno, nikavuta kitambaa, na kwa kuwa gauni langu halikuwa na mfuko, fundi cherehani na watoto wake mnajua mambo yao, nikakitia mdomoni, ndani ya shavu.

Baba akafika anahema. "Nimempata bawa!" akasema. "Mmeona? Bawa la kushoto!" Kanga alikuwa na mabawa yote mawili na alikuwa anayatumia kumpiga Mtasema usoni. Baba mdogo Jumanne akafika na kisu chake, akamaliza kazi, kisha akaniinamia. "Umemwona, mwanangu? Baba yako amempiga kweli?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. "Mbona husemi?" Nikatikisa tena. "Mtoto ameshikwa na baridi," akasema. Walinivisha koti. Kitambaa kilikuwa na ladha ambayo sitaieleza hapa, maana labda mnasoma mnakula.

Wageni walikuja mchana ule ule, wakala. Mama alimpika kwa karanga zilizopondwa, mchuzi mzito wa kahawia, na wali wa mbugani unaonukia kabla haujafunuliwa. Mzee mmoja wa mjini alisema nyama ya porini ina utamu wake, unauonja msitu wenyewe. Baba akaeleza habari ya bawa la kushoto. Alipoieleza mara ya tatu, rungu lilikuwa limepinda kona. Posa ikapokelewa, na Shangazi hadi leo ana wajukuu.

Kama ilivyo ada, mzee wa jirani hakosi kwenye shughuli. Bibi Kalunde alikaa mkekani pamoja na Mama, akapewa paja. Nilikuwa nimeketi karibu naye, kitambaa kingali shavuni. Alitafuna polepole, akasimama kutafuna, akautazama mfupa, akaendelea. "Huyu amenona," akasema. "Kanga wa porini mwaka huu wanalishwa nini?" Mama akacheka akasema ni baraka.

Wageni walipoondoka nilikitupa kile kitambaa kwenye kapu la vipande chini ya cherehani ya Baba. Kapu lile lilikuwa na vipande vya rangi zote, nikaona hakuna mahali salama kuliko pale. Akili ya mtoto wa miaka tisa ina mipaka yake.

Jua lilipokuwa linazama Bibi Kalunde akarudi. Nilikuwa nimekaa kizingitini na Mtasema amelaza kichwa miguuni pangu. Baba alikuwa anashona.

"Fundi," akasema, "kanga wangu wamerudi wawili."

Baba akasimamisha gurudumu la cherehani. "Labda mmoja amelala na wenzake porini, mama. Atarudi."

"Labda," akasema Bibi Kalunde. Akamtazama Mtasema. Akamtazama muda mrefu, na yule mbwa, kwa kukosa haya au kwa malezi mema, akamtikisia mkia. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimemkumbatia mbwa shingoni kwa mikono yote miwili.

"Chakula cha mchana kilikuwa kitamu," akasema. "Haya, kesho." Akaenda zake.

Baba alibaki amekaa. Akapekua kapu la vipande, kama anatafuta kitu cha kuendelea na kazi. Kisha akainuka akaingia ndani, na nikasikia kamba inatolewa kwenye msumari. Nililia kwa sauti. Akatoka nayo, akanipita bila kunitazama, akamruka Mtasema, akaenda uani kwenye kitanda changu kilichotolewa nje kuwapisha wageni, kimelegea kamba tangu masika. Akakifuma upya. Alifuma hadi kamba yote ikaisha, akakata ncha kwa mkasi wake wa nguo, mkasi ambao sisi tulikuwa tunachapwa kwa kuugusa tu.

"Kilikuwa kinabonyea," akasema.

Tangu mwaka ule, kanga wa kwanza wa kila msimu, kabla chungu chetu hakijaona hata unyoya, alipelekwa kwa Bibi Kalunde. Nilitumwa mimi. "Shikamoo, Bibi, Baba amesema upokee." Yeye alijibu marahaba, akampima mkononi, na kila mwaka alisema neno lile lile: "Huyu hajanona kama yule." Niliamini ni heshima kwa wazee, na nikawafundisha wadogo zangu hivyo. Mtasema aliishi misimu sita mingine akafa kwa uzee, kwenye jivu la jikoni, na watu walikuja kutupa pole kama amefariki mtu.

Siku hizi kuku mmoja akipotea hapa mtaani, kabla hajafika kona ya pili kundi la simu limeshajaa sauti za watu. Mmoja amemwona mwizi, mwingine ana picha ya mwizi, wa tatu ni mwizi na anatoa pole. Ikifika jioni kuku karudi, maana alikuwa anataga, na majirani wanne hawasalimiani. Vijana wangu wanasema huo ndio uwazi. Sina ugomvi na uwazi. Ila nahesabu nani angekufa kwetu siku ile kama tungekuwa nao.

Baba alitangulia mbele ya haki mwaka jana. Siku ya kuondoa tanga tuligawana vitu vyake, mimi nikachukua kopo la vifungo. Nikalifungua pale pale uani mbele za watu, na juu ya vifungo kulikuwa na kitambaa chekundu, kimepauka, kingali kimejikunja pale fundo lilipokuwa, na alama za meno ya mtoto.

Bibi Kalunde alikuwa amekaa kitini jirani yangu. Sasa haoni vizuri jicho moja, lakini lile lingine linatosha nyumba nzima. Akanyoosha mkono.

"Hicho changu," akasema.

Nikampa. Nilimpa kwa mikono miwili kama mtoto aliyetumwa, na nina miaka zaidi ya hamsini. Akakipapasa kwa vidole, akakifunga kwenye pindo la kitenge chake, pale wazee wanapoweka vitu vya maana.

"Yule mbwa aliishi miaka mingapi baada ya pale?"

"Sita, Bibi."

Akafikiri. "Basi kanga wangu hakuliwa bure," akasema, na akaomba aongezewe chai.

Nilirudi Tabora nikawasimulia wanangu yote haya. Walisikiliza vizuri, nasema haki yao, simu zikiwa mkononi lakini zimegeuzwa. Mwishoni yule mkubwa akaniuliza kama ipo hata picha moja ya Mtasema aione. Nikamwambia hatukupiga picha. Tulikuwa na kitambaa tu, na hicho nacho mwenyewe amekichukua.