Baba Mchungaji, Nyani na Kifua Kikuu Sugu

Baba yangu alitangaza kifo changu kanisani nikiwa nimekaa mbele yake, nimevaa joho la kwaya, mzima wa afya.

"Binti yangu amekufa," alisema. "Yule aliyekaa pale simjui."

Alikuwa mchungaji wa kanisa lile. Wala hakupaza sauti. Angepaza, ningesema ni hasira, zitapoa.

Wanakwaya wenzangu wakasogea taratibu, huyu kushoto, huyu kulia, kama benchi limemwagikiwa maji. Nikabaki katikati peke yangu.

Nikavua joho, nikalikunja, nikaondoka.

Kosa langu lilikuwa hili.

Nilikuwa mwalimu wa baiolojia kwenye shule ya kanisa hilohilo. Somo likafika kwenye mabadiliko ya viumbe. Liko kwenye mtaala, sikulitunga mimi. Nikawaonyesha wanafunzi picha ya mifupa ya pezi la nyangumi, na pembeni mifupa ya mkono wa mtu. Darasa zima likaanza kujitazama vidole.

Msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, si wewe unaimba kwaya? Sasa unaamini kipi?"

"Naamini vyote viwili," nikamjibu. "Aliyeumba ni Mungu. Hii ndiyo njia aliyopitia, na hakuwa na haraka."

Maneno yale yalipofika kwa mama yake yalikuwa yameshaota mkia. Yalipofika kwa wazee wa kanisa, mimi nilikuwa nimesema Adamu ni nyani.

Kibarua kikaota nyasi. Jumapili iliyofuata ndiyo nikafa.

Nikahamia chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, nikawa nafundisha watoto wa watu masomo ya ziada majumbani kwao. Njaa niliizoea. Kilichonimaliza ni kushindwa kusali.

Nikipiga magoti nasikia, "Simjui."

Elewa kitu kimoja. Mimi sauti ya Mungu niliijua tangu utotoni kwa koo la baba. Baba akinikana, nilikuwa nazungumza na nani?

Na bado nilikuwa naamini. Hapo ndipo palipokuwa pabaya. Ningekuwa nimeacha kuamini, ningelala usingizi.

Miezi ikapita hivyo. Asubuhi moja shangazi, dada yake baba, akanipigia simu.

"Njoo hospitali. Baba yako anakataa dawa."

"Dawa za nini?"

"We njoo."

Nilimkuta kwenye wodi ya kifua kikuu, madirisha yote wazi, kila mtu kafunika mdomo. Baba yangu, mwanamume aliyekuwa akijaza mlango, sasa alikuwa mashavu na macho tu. Akaniona. Akageukia ukutani.

Daktari alikuwa anamweleza, mwanamke mtulivu aliyeonekana kachoka na zamu.

"Baba mchungaji, dawa za mwanzo ulizimeza ukaacha, ukameza ukaacha. Vijidudu dhaifu vikafa. Vichache vilivyoweza kuhimili vikabaki, vikazaa, na watoto wao nao wanahimili. Sasa kifuani mwako kuna kizazi kipya. Tunahitaji dawa nyingine, kali zaidi."

Baba akakohoa mpaka kitanda kikatetemeka. Kisha akasema, bado kaukabili ukuta, "Hayo ni mafundisho ya yule binti."

"Binti yupi?"

"Yule aliyekufa."

Daktari akanitazama. Nikainamisha kichwa.

"Kila kiumbe kiliumbwa kilivyo," baba akasema. "Nimehubiri hivyo maisha yangu yote. Nikimeza dawa zenu, nimekubali kwamba nilidanganya watu."

Nikatoka hadi kwenye korido ya wodi. Baba alikuwa anakufa kwa ajili ya somo la sekondari. Nilitamani nisingewahi kuona ile mifupa ya nyangumi.

Shangazi akanifuata nje.

"Mwambie ameze," nikamwambia. "Wewe anakusikiliza. Na kwa nini aliacha zile za mwanzo? Alijiona kapona?"

Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Hujui? Alikuwa anafunga. Kufunga kukavu, hata maji hayapiti kooni, sembuse vidonge. Akidhoofika namlazimisha, anameza siku chache. Akipata nguvu anafunga tena."

"Anafunga kwa ajili ya nini?"

"Wewe. Ili urudi."

Nikakaa chini palepale sakafuni. Manesi wakanipita, sikujali.

Kwa hiyo vile vijidudu havikujilea vyenyewe. Vilipata nguvu kila baba alipokuwa akinililia mbele za Mungu.

Nikarudi ndani. Nikamshika mguu juu ya blanketi. Hakuuvuta.

"Kama sisi ni wanyama tu," akasema polepole, "mama yako yuko wapi?"

Mama alifariki nikiwa mdogo. Baba alimzika kwa mikono yake na akahubiri siku hiyohiyo. Kumbe swali lake halikuwa la nyani hata kidogo.

"Baba, hilo hadubini haiwezi kuniambia," nikasema. "Yuko kwa Mungu. Nalijua kama unavyolijua wewe."

Akageuka. "Kwa hiyo unaamini bado?"

"Sikuwahi kuacha. Hukuniuliza."

Akavuta pumzi inayokwaruza. Kisha akanyoosha kiganja kwa nesi aliyeshika vidonge.

"Mambo yako ya nyani sijayakubali."

"Sijakuomba ukubali. Meza, baba."

Akameza.

Amepona kifua, lakini zile dawa kali, hasa sindano zake, zimeondoka na masikio yake. Hasikii tena mahubiri wala kwaya, na sauti yangu haitamfikia tena hapa duniani. Tunabishana bado: mimi naandika kwenye simu kwa herufi kubwa, yeye ananijibu kwa kelele majirani wote wasikie.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu wako unayefunga kwa ajili yake na kumlilia Mungu kwa sababu ya anachoamini, mpigie kwanza umuulize anaamini nini. Mimi jibu langu lilikuwa la neno moja, "Naamini," na baba angelisikia kwa masikio yake.