Namba ya Dharura Iliyopokelewa na Fundi wa Majeneza

Mama mjamzito alipiga namba ya dharura ya kliniki, uchungu umemshika, akapokelewa na fundi wa majeneza.

Sitanii. Na lawama yote iliniangukia mimi.

Ofisini kwetu tulikuwa tunatengeneza tovuti. Mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa kwenye majaribio, na nafasi ya kudumu ilikuwa moja tu. Bosi angechagua Ijumaa. Huyo mwenzangu alinizidi miaka minne, nikamwita Dada, naye akaniita mdogo wangu.

Tovuti ya ile kliniki ya wazazi ilikuwa kazi yetu sote. Ila sehemu ya chini ya ukurasa, penye anwani na namba ya dharura, ilikuwa yangu.

Jumatatu kliniki wakalalamika kwamba namba imekosewa tarakimu moja, na wanaopiga wanapokelewa na fundi wa majeneza. Nikafungua faili langu. Mle ndani namba ilikuwa sahihi kabisa.

Nikaifuta, nikaiandika upya, nikahifadhi. Kwenye ukurasa, bado ile mbovu.

Nikarudia Jumanne. Bado.

Jumatano bosi aliniita mbele ya watu akaniuliza kama chuoni walinifundisha kuhesabu mpaka kumi. Mimi ni mtu wa aibu, nikisemwa sauti inakauka. Nikakimbilia chooni kulia. Dada akanifuata, akanifuta machozi kwa leso yake, akaniambia labda kazi hii si ya watu wenye moyo laini kama mimi.

Niliporudi, fundi mkuu wetu, mwanaume mwenye ulimi wa wembe tuliyemwita Profesa, hakuinua hata macho.

"Unapaka rangi nyumba ya jirani, binti, halafu unashangaa ya kwako haibadiliki."

Nilimchukia.

Alhamisi asubuhi niliwahi kufika, ofisi tupu, na yale maneno yakanirudia. Nyumba ya jirani?

Nikaandika neno NIPO kwenye faili langu, nikaufungua ukurasa upya. Halikuonekana popote.

Kumbe siku tatu nilikuwa nahangaika na faili ambalo ukurasa hata haulisomi.

Ukurasa wa tovuti ukiutazama ni kitu kimoja, lakini umeunganishwa kutoka mafaili mengi. Kichwa kina faili lake, menyu lake, picha lake. Kuna mpangilio ukiuwasha, kila sehemu inazungushiwa mstari na kuandikwa jina la faili lililoitoa.

Nikauwasha.

Kichwa, sawa. Menyu, sawa. Nikashuka mpaka chini.

Jina la faili lilikuwa lilelile la kwangu. Folda ndiyo haikuwa yangu.

Mfumo wetu huanza kutafuta kwenye folda ya marekebisho. Ukikuta humo faili lenye jina unalolitaka, unalichukua hilohilo, hauna habari tena na la asili. Mtu alikuwa amenakili faili langu, akaliweka humo, akabadilisha tarakimu moja.

Nikafungua kumbukumbu za mfumo kuona ni nani. Matusi ya kumtukana Profesa nilishayapanga kichwani.

Alikuwa Dada.

Kulifuta lile faili kungechukua sekunde mbili. Sikulifuta.

Nilitaka aumbuke mbele ya watu, kama mimi nilivyosemwa mbele ya watu.

Ila moyo ulinisuta kwa wale akina mama. Nikapiga ile namba mbovu, nikamwomba fundi wa majeneza kila atakayempigia amtajie namba sahihi ya kliniki, siku moja tu.

"Hakuna shida, mwanangu," akasema. "Wateja wangu huwa hawapigi wenyewe. Nikisikia mtu ana haraka, najua si wangu."

Nikacheka, nikajiona nimemaliza kila kitu. Siku ile nzima nilikunywa chai aliyoniletea Dada, na nikamwambia asante.

Ijumaa saa nne tukakaa kikao: bosi, Profesa, Dada, na mkunga mkuu wa ile kliniki. Ukurasa ukarushwa ukutani. Bosi akaniuliza nina lipi la kujitetea.

Nikawasha ule mpangilio. Mistari ikajichora, majina ya mafaili yakatokea, nikashuka taratibu mpaka chini. Kisha nikafungua kumbukumbu.

Jina lake likakaa ukutani, kubwa kama mlango.

"Mdogo wangu..." akaanza.

"Usiniite hivyo."

Kwa mara ya kwanza sauti yangu haikukauka.

Bosi akamwambia akusanye vitu vyake. Sitawadanganya, nilisikia utamu. Nilimtazama akihangaika na zipu ya mkoba wake, nikatamani iendelee kugoma.

Ndipo mkunga akaniuliza, kwa upole kabisa, "Ulilijua hili lini, mwanangu?"

"Jana asubuhi."

Akatazama mikono yake. Akasema jana alasiri mama mmoja alipiga ile namba mara saba, haikupokelewa. Baadaye watu wa kliniki waliipiga wenyewe, wakaambiwa fundi alikuwa mazikoni na simu aliiacha karakanani. Yule mama alijikongoja mwenyewe, akajifungulia kwenye ngazi za kliniki. Yeye na mtoto wako salama, kwa bahati tu.



"Ya Jumatatu mpaka Jumatano yametoka kwenye faili la mwenzako," bosi akasema. "Ya jana yametoka kwenye faili la nani?"

Nafasi ile tuliikosa wote wawili. Mimi na Dada tulishuka ngazi zilezile, tumepishana dakika kumi.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu unamvizia umwaibishe hadharani, sikwambii umsamehe. Mimi wangu sijamsamehe. Lakini ningeweza kulinakili lile faili, nikalifuta Alhamisi ileile, na Ijumaa jina lake lingekuwa palepale kwenye kumbukumbu.

Kisasi changu kisingepungua hata chembe. Kingekosa tu yule mama kwenye ngazi.