Somoe Hakubisha Hodi

Ipo siku moja siisahau, mwanangu, na nikuambie mapema kwamba kila nikiikumbuka nakasirika upya. Ni siku niliyokaa uani kwetu Temeke, karatasi mkononi, nikawasomea watu hadithi niliyoitunga mwenyewe kwa mara ya kwanza, na wote wakanyanyuka wakaniacha nikiwasomea kuku.

Naikumbuka kwa sababu yako. Juzi umenijia hapa kwangu Mbagala, simu mkononi, umenuna. Unaniambia, bibi, nikiandika habari za wale watu wa kwenye tamthilia, ambao kila mtu anawajua, nasomwa mpaka na watu wa Mombasa. Wananisifu, wananiomba niendelee. Nikiandika hadithi yangu, yenye watu wangu mwenyewe, hata dada yangu haisomi. Basi naacha kuandika. Ukasema hivyo na kukunja uso, kana kwamba wewe ndiye wa kwanza duniani kufikwa na hayo. Nilitaka kucheka, ila nilikereka mno. Kaa chini, basi. Siwezi kukusimulia huku unazunguka zunguka.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa msichana wa kiwanda cha nguo. Mie na mama yangu tulipanga chumba kwa Mama Hidaya, Mzaramo wa mji ule tangu mababu zake, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Sie tulikuwa wakuja, tumetoka Newala. Kila chumba kilikuwa na mpangaji, na uani palikuwa petu sote. Hapo tulipika, tukachambua mchele siku ukipatikana, tukasukana nywele, na tukawasengenya wale waliopenya foleni ya sukari kwenye duka la ushirika.

Redio alikuwa nayo balozi wetu wa nyumba kumi, mjumbe wa chama mtaani, ambaye nyumba yake iligusana na yetu. Jumapili jioni aliiweka dirishani, nasi tukajaa barazani kwake kusikiliza mchezo wa Bi Tatu. Huyo Bi Tatu alikuwa mke wa dereva wa lori aitwaye Sudi, mwanamume ambaye kila safari ilimpotezea njia ya kurudi kwake. Tulimpenda Bi Tatu kama ndugu wa tumbo moja. Akiugua redioni, uani kwetu watu wanaulizana kama ameshapata nafuu, na hakuna anayeona ni uwendawazimu.

Sasa sikia walichotufanyia. Mara ya mwisho tulimwacha Sudi anagonga mlango baada ya kupotea mwaka mzima, na Bi Tatu mkono uko kwenye komeo. Jumapili iliyofuata tukakusanyika mapema, roho juu. Balozi akafungua redio, akaja bwana mmoja kutueleza namna ya kutengeneza mbolea ya samadi. Jumapili nyingine, samadi. Mchezo umekatwa, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Hadi leo, ukitaka kunichefua, nitajie samadi.

Mie nikaona upuuzi huo hauvumiliki. Nikachukua karatasi nikaendeleza mwenyewe. Nikamfanya Bi Tatu aseme na Sudi mlango ukiwa umefungwa, maneno makali makali, kisha nikawasomea wanawake uani baada ya alasiri. Mwanangu, walipiga vigelegele! Tangu hapo ikawa kila nikitoka kiwandani hawaniulizi hali wala habari za kazi. Wanauliza, kafungua?

Mwanzoni nilivimba kichwa. Baadaye nikagundua nimekuwa mtumishi wa watu. Mama Hidaya alitaka Sudi alale nje mpaka anyeshewe. Mwajuma wa chumba cha mbele, ambaye mumewe naye alikuwa hajulikani alipo, alitaka mlango ufunguliwe siku hiyo hiyo, na akanihonga kipande cha sabuni. Sabuni enzi zile ilikuwa kitu cha kufichwa, nikaipokea. Wakagombana wao kwa wao mpaka wakanuniana. Hata balozi akaniita pembeni.

"Ndugu Salima, hadithi yako nzuri, ila haina mafunzo," akaniambia. "Bi Tatu na Sudi wahamie kijijini wakalime, basi yaishe."

"Mzee, wakihamia kijijini, mlango nani atafungua?"

"Hilo utalitazama mwenyewe. Wewe si ndiye mwandishi?"

Nikaondoka naumwa kichwa. Nilitaka kuandika kitu ambacho hakuna wa kunipangia, na nilikuwa nacho. Mama yangu aliwahi kunisimulia mara moja tu, siku moja ana homa, habari ya ujana wake kule Newala. Sie tulikaa juu, maji yako chini bondeni. Mwanamke anashuka alfajiri, anapanda na mtungi kichwani jua likiwa limeshaanza kuchoma. Mama wa mumewe alikuwa akiyapokea maji hayo, ananawia miguu, kisha anamrudisha bondeni akachote ya kupikia. Mama alivumilia sana. Siku moja akapanda na mtungi umejaa, akafika mlangoni kwa mkwewe, akayamwaga yote pale pale, akaenda zake kwa mama yake. Hakurudi tena.

Niliona hiyo ni hadithi kubwa kuliko ya Sudi na lori lake. Mama nikambadili jina, nikamwita Somoe. Nikaandika kwa moto wote niliokuwa nao. Kisha nikakaa uani, mama yangu yuko kizingitini kwetu anakuna nazi, nikasoma: Somoe alimwaga maji yote mlangoni kwa mama mkwe.

"Somoe ndio nani?" Mwajuma akanikatiza. "Jirani yake Bi Tatu?"

"Hapana. Somoe ni Somoe."

"Aa. Sasa Bi Tatu kafungua au hajafungua?"

Nikajitia sikusikia, nikaendelea. Mmoja akapiga miayo, mwingine akaanza kuchokonoa meno. Mara tukasikia kelele kutoka mtaani kwamba bomba limeanza kutoa maji, na wote wakashika ndoo wakakimbia, hata aliyekuwa amesukwa nusu kichwa. Nikabaki na wale kuku. Mama yangu akainuka, akakung'uta machicha.

"Kumbe habari yangu haina watu," akasema, akaingia ndani.

Hakulia. Angelia nisingeumia vile. Aliyasema kama mtu aliyekuwa akijishuku siku zote na sasa amethibitishiwa. Mie nikapandwa na hasira nikamlaumu kila mtu isipokuwa mimi. Niliwaita walevi wa redio. Niliapa kwamba watu wa Temeke hawana masikio. Unanisikia, mwanangu? Maneno yako ya juzi, niliyasema mie kabla mama yako hajazaliwa.

Na nikafanya ujinga zaidi, ule ambao nakuona nawe uko njiani kuufanya. Nilisema, kama hawamtaki Somoe, basi nitampa Bi Tatu yale maji. Nikaandika kwamba Bi Tatu, akiwa bado ameshika komeo, anamkumbusha Sudi jinsi mama yake alivyomtesa, jinsi alivyopanda mlima na mtungi, jinsi alivyomwaga maji. Bi Tatu mtoto wa mjini, ambaye redioni hatukuwahi kumsikia akibeba hata kata ya maji, nikampandisha Newala!

Walilia. Mwajuma alilia mpaka ugali wake ukaungua. Mama Hidaya alijifuta uso kwa kanga, akasema mkwe yule Mungu atamlipa. Nami nikainua macho nimtazame mama yangu, nikidhani nitamkuta ana furaha. Alikuwa ameshasimama. Nikamfuata mlangoni.

"Maji yale nimeyabeba mie," akaniambia, sauti ya chini. "Umempa Bi Tatu. Amepungukiwa nini Bi Tatu? Nchi nzima inamjua."

Tangu hapo akawa hasemi nami ila kwa shida. Chakula ananipa, salamu anaitikia, lakini mazungumzo hakuna. Tunalala chumba kimoja, tumepeana migongo.

Mama Hidaya alikuwa ameyasikia. Uani hapana siri. Asubuhi nilipokuwa nafagia akaniita, nami nikaenda shingo upande.

"We Salima, ukiniletea mgeni hapa kwangu, unafanyaje?"

"Nabisha hodi, mama."

"Halafu?"

"Namtambulisha. Nasema huyu ni fulani, kwao mahali fulani, mtoto wa fulani."

"Ndipo nampa kiti. Huyo Somoe wako umemwingiza uani kwangu hajabisha hodi, hatujui kwao wala anacheka vipi, umeshamwagisha maji na unatutaka tulie. Tumlilie kwa lipi? Bi Tatu redio ilimleta pole pole, mpaka tunamjua anavyokohoa. Wewe ulimkuta ameshakaribishwa, kazi yako ikawa kumsemesha tu. Hujawahi kumpokelea mgeni wako mlangoni hata siku moja, kisha unatununia sie."

Nilikasirika, mwanangu. Nilikasirika kwa sababu hakuwa amesoma hata darasa moja na nilikuwa nimejiandaa kumdharau, na sikupata pa kumdharau. Nikarudi chumbani, nikamkuta mama anakunja nguo.

"Mama, niambie habari za Somoe. Alikuwa anapenda nini?"

"Kamuulize Bi Tatu."

Ndiyo majibu niliyostahili. Nikamuuliza tena kesho yake, akanijibu vile vile. Nikamwacha, nikakaa karibu naye, nikamsaidia kuchambua maharage, bila karatasi. Akachoka na kimya changu, akaanza mwenyewe. Akaniambia alikuwa mlamba chumvi, anaificha kwenye pindo la kanga. Akaniambia hakujua kuimba hata kidogo, lakini akipanda mlima aliimba, na wenzake walikuwa wakimtupia majani wakimsihi anyamaze. Akaniambia aliweka tawi bichi juu ya mtungi maji yasimwagike, na mama mkwe alimgombeza kwa hilo tawi pia. Nikacheka, naye akacheka. Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote, na hayo ya chumvi sikuyajua.

Nikaandika upya. Siku ya kusoma, Mwajuma akaniwahi kama kawaida yake. Na Sudi je? Nikamwambia Sudi amekufa, lori limepinduka. Aliniangalia kwa chuki ambayo sikuwahi kuiona tena kwa mwanamke yeyote, lakini alibaki ameketi, nadhani alisubiri niseme natania. Nikaanza. Nikasema huyu ni Somoe, kwao ni Newala, ni binti wa mfinyanzi, analamba chumvi kwa siri na hajui kuimba lakini anaimba.

Nilipofika kwenye chumvi mmoja akasema, kama mie nilipokuwa na mimba. Kwenye kuimba wakacheka, wakataka niwaigizie. Nilisoma mpaka kwenye mlango wa mkwe, nikamwaga yale maji, nikashusha karatasi. Hakuna aliyelia. Nikaona basi, imeshindikana tena, na mama yangu yupo pale kizingitini amesikia yote.

Ndipo Mwajuma, yule yule, akauliza.

"Na mtungi? Aliuvunja?"

Nami sikujua. Sikuwa nimeuliza habari ya mtungi. Nikageuza karatasi kama mjinga, natafuta jibu ambalo sikuliandika.

"Sikuuvunja," mama yangu akasema kutoka kizingitini. "Aliufinyanga mama yangu."

Uani kote wakageuka wakamtazama. Kisha Mama Hidaya akajisogeza, akapigapiga mkeka pembeni yake, akamwambia, njoo ukae hapa, Somoe. Na tangu siku ile mpaka tunahama Temeke, hakuna aliyemwita mama yangu kwa jina jingine.

Basi ndiyo hiyo, mwanangu. Sikukatazi kuandika watu wa tamthilia. Mie kwa Bi Tatu nilijifunza kuwakalisha watu roho juu, na hilo si dogo. Ila ujue kwamba pale unakula chakula kilichopikwa na mwenzio, sifa unazopata nusu yake ni zake. Ukianza na watu wako, usiwalaumu wasomaji kwamba hawawapendi watu ambao hukuwatambulisha. Waambie kwao ni wapi. Waambie wanaficha nini kwenye pindo la kanga. Uwe na subira, maana mgeni hazoeleki kwa siku moja, na nyie vijana wa simu hamna subira hata ya chai kupoa. Na kitu kimoja nakukataza kabisa, tena nakukataza kwa ukali. Usichukue maisha ya mtu wako asiyejulikana ukampa anayejulikana ili upigiwe makofi. Ni dhuluma, hata kama aliyedhulumiwa hajui kusoma.

Nenda kaandike. Mungu akupe macho ya kuona watu ulio nao, akupe wasomaji wabishi wa kukuuliza usiyoyajua, akukinge na sifa za bure. Na akujalie, mwanangu, siku utakayomwandika mama yako sawasawa, awe angali hai wa kukusahihisha.