Ndimu Iliyovuka Ukuta

Nilijifunza mwendo wa vitu nikiwa mwali ndani, Kilwa Kivinje. Vitu vya kitabuni vilikwenda mbio, viliteremka milima, viligongana. Mimi nilitoka chumbani hadi uani, nikarudi chumbani. Shangazi, dada yake baba, aliketi ukumbini akisuka ukili wa mkeka, macho yakiwa kwangu.

Kitabu hicho cha fizikia alikiacha kaka alipokwenda jeshini. Kilikuwa cha Kiingereza, nami nilikuwa na darasa la saba na kamusi isiyo na jalada. Baba aliniruhusu nisome kwa posta, lakini kwa sharti. Nilikuwa nimeposwa na karani wa duka la ushirika, katika kijiji cha ujamaa huko Njinjo.

"Ukifaulu jaribio hili, harusi itangoja umalize masomo," baba alisema. "Usipofaulu, mwanangu, tusisumbuane tena."

Majibu yalitakiwa yaondoke kabla ya masika. Mvua ikishika, barabara ya Dar es Salaam hukatika na lori la barua haliji mpaka ardhi ikauke.

Maswali tisa niliyamaliza mapema, ila sikuyatoa. Kila nilipoona herufi imepinda niliandika ukurasa mzima upya, mpaka karatasi nzuri zikaanza kuniishia. Nasema kweli, niliogopa kutoa kitu ambacho mtu angekitia alama nyekundu. Kila asubuhi baba aliuliza, "Tayari?" Nami nikajibu, "Bado kidogo, baba," huku mawingu yakizidi kuwa mazito.

La kumi ndilo lililonifunga. Mpira umerushwa juu, wima. Ukifika juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka, unavutwa kwa nguvu kiasi gani? Niliandika sifuri, kwa kuwa pale mpira umesimama, na kilichosimama kinavutwa na nini? Nikafuta. Nikaandika sifuri tena. Karatasi ikaanza kutoboka.

Nikataka kuona kwa macho. Nilichukua ndimu jikoni, nikasimama uani na kuirusha. Ilirudi upesi mno, sikuona kitu. Nikairusha kwa nguvu zangu zote. Ikapanda, ikaenda upande, ikavuka ukuta.

Kisha mwanamume akacheka njiani.

"Hodi wenyewe! Mwenzenu nimepigwa ndimu huku. Nikamulie mchuzi au niiweke chini ya mto?"

"Koma, mwanahizaya!" Shangazi alishafika uani, ukili ukiburuta nyuma yake. Akanigeukia. "Mwali unarusha ndimu njiani? Unamwita nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kwetu mwali akirusha kitu nje ya ukuta, amepeleka salamu.

"Simwiti mtu, shangazi. Nilikuwa natazama inavyosimama huko juu."

"Ndimu isimame juu! Imekuwa mwewe?"

Baba aliporudi kutoka sala ya alasiri, habari alikuwa nazo. "Nimeisikia barazani kabla sijafika kwangu," alisema. Hakupaza sauti, na hilo liliniumiza zaidi. Alikusanya karatasi zangu kitandani.

"Hizi zinaondoka leo. Sitaki tena mambo ya kurusharusha humu."

"Baba, la kumi bado."

"Halina jibu?"

"Linalo. Ila sina hakika nalo."

"Basi linalo." Akalamba bahasha, akaifunga. Ndani yake, jibu la kumi lilikuwa sifuri.

Mlango wa uani ukatiwa komeo. Nikawa nalala chali, nikirusha donge la uzi kuelekea kwenye boriti na kulidaka, kwa kuwa sikuwa na jingine la kufanya. Mvua ilikuwa imeshaanza. Siku moja, donge likiwa juu, nikajiuliza: kama pale halivutwi na kitu, kwa nini linarudi? Lingebaki palepale, likining'inia chini ya boriti. Kumbe linavutwa wakati wote, likipanda, likisimama, likishuka, kwa nguvu ileile, uzito wake wote. Nilikaa kitako. Nilikuwa na jibu sahihi, na lori lilikuwa limeshavuka Rufiji. Masika yote nililala na ile sifuri.

Barabara ilipofunguka karatasi zilirudi. Nilizifungua mbele ya baba na shangazi. Macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye la kumi, kwenye mkwaju mwekundu wa kosa, na machozi yakanitoka. Baba akazichukua mikononi mwangu, akasoma polepole ukurasa wa mwanzo.

"Amefaulu," alisema.

"Sasa analia nini?" shangazi akauliza.

Baba alitimiza ahadi yake. Alimpelekea karani ujumbe kwamba harusi ingoje. Lakini hakusema lolote juu ya kunitoa ndani. Nilimsikia shangazi akirudi ukumbini kwenye ukili wake. Nikaingia chumbani, nikatafuta karatasi safi, nikaliandika upya jibu la kumi, ingawa hapakuwa na wa kumpelekea.